Wavisha Pete wa Falsterbo

"Umetoka Voi kuja kuangalia ndege? Kwani Voi ndege wameisha?"

Dada aliniuliza hivyo jikoni kwake Malmö, kusini mwa Sweden, huku akisukuma chapati. Ni binti wa mama mdogo, muuguzi, na ameishi Ulaya miaka mingi, ila fikra za nyumbani hazijamtoka. Kwa mtu wa Voi, kwetu Kenya, ndege ni wa aina mbili, wa kuliwa na wa kufukuzwa shambani. Wa aina ya tatu, yule wa kutazamwa kwa darubini, ni wa watalii. Nikamweleza kwamba baadhi ya ndege wanaotua kwetu wakati wa mvua za vuli huzaliwa huku kwao, nami nilitaka kuwaona wakiondoka. Akacheka, akanifungia chapati ndani ya foili. "Haya, wasalimie," akasema. "Waambie na mimi nina mpango wa kwenda Desemba."

Basi la kwenda rasi ya Falsterbo hupita katika mashamba tambarare yaliyokwisha kuvunwa, ambako upepo haukutani na kilima hata kimoja. Kisha huvuka mfereji uliochimbwa mwaka 1940 na 1941, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ili meli zipite salama bila kuzunguka rasi, ambako maji yalitegwa mabomu. Ng'ambo ya mfereji ndipo rasi yenyewe inapoanza. Mkono mmoja ni Bahari ya Baltiki, mkono wa pili ni mlango-bahari wa Öresund, na siku isiyo na ukungu unaiona Denmark. Mchanga wa pwani hiyo ungeweza kumdanganya mtu wa Diani, mpaka atumbukize mguu majini.

Falsterbo na jirani yake Skanör ni miji midogo ya watu wenye uwezo. Ufuoni vimepangwa vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo za kuogelea, kila kimoja na rangi yake. Lakini katika Enzi za Kati hapa palikuwa na mojawapo ya masoko makubwa ya samaki Ulaya ya kaskazini. Wafanyabiashara wa miji ya Kijerumani walileta chumvi, wakaondoka na mapipa ya heringi ya kulisha Wakristo katika siku zao za kufunga nyama. Baadaye samaki wakapungua na biashara ikahamia kwingine. Mji uliotajirishwa na samaki wahamaji ukaachwa na samaki hao hao, na leo wageni wanaoujia kutoka mbali huja kwa ajili ya ndege wahamaji.

Ndege hupita hapa kwa sababu ya umbo la nchi. Mamilioni yao huondoka Sweden kila mwaka baridi inapokaribia, na wengi, hasa wanaosafiri mchana, hawapendi kuruka juu ya bahari pana. Hufuata ufuo kuelekea kusini. Pwani ya mashariki na pwani ya magharibi huwabana hatua kwa hatua, hadi wanajikuta wote kwenye ncha hii moja, bara limekwisha. Kutoka hapo hadi ufuo wa Denmark ni kama kilomita 25. Baadhi huzunguka juu ya ncha wakipima upepo, baadhi hurudi nyuma kula kwanza, wengine wanajitosa.

Mnara wa taa wa Falsterbo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 18, na umezungukwa na bustani ndogo ya miti na vichaka. Kuzunguka bustani ni uwanja wa gofu. Kwa ndege aliyeruka usiku kucha, uwanja wa gofu ni jangwa lililofyekwa vizuri, kwa hiyo kunapopambazuka hushukia vichaka vya mnara kutafuta wadudu na mahali pa kujificha. Wavisha pete, yaani watu wanaonasa ndege, kuwafunga pete yenye namba mguuni na kuwaachia, wamekuwa wakiwasubiri humo tangu mwaka 1947. Kituo chao cha ndege, kinachomilikiwa na chama cha wapenda ndege wa jimbo la Skåne, kilianzishwa mwaka 1955.

Nilifika alfajiri, Septemba ikiwa changa, nikiwa nimevaa koti la dada lililonifika magotini. Nilimkuta mzee mmoja aliyestaafu ualimu na binti wa shule ya sekondari, wote wawili wa kujitolea, wakifungua nyavu kwa mwanga wa taa za kichwani. Nilisalimia. Wakaitikia kwa neno moja fupi, wakaendelea na kazi. Kwetu Voi salamu ingefika kwa watoto, mifugo na mvua kabla ya mtu kushika kamba. Nilipowazoea nikaelewa kwamba hawakuwa na ubaridi wowote. Waswidi hawa huona kwamba kumwacha mtu na ukimya wake ni adabu.

Jambo jingine lilinichukua muda zaidi kulizoea. Binti yule, ambaye angeweza kuwa mjukuu wa mzee, alimwita kwa jina lake la kwanza, bila "babu", bila "mwalimu", bila chochote. Akamwambia pia kwamba wavu wa pili ulilegea, na mzee akaenda kuukaza. Waliniambia Waswidi waliacha vyeo katika mazungumzo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na sasa hata waziri mkuu huitwa kwa jina. Mimi ulimi ulikataa. Nilimwita "Mzee" hadi mwisho, naye alipojua maana yake akafurahi, akasema hakuna aliyewahi kumpandisha cheo asubuhi mapema hivyo.

Nyavu zao hufumwa kwa uzi mweusi mwembamba mno. Ukisimama hatua chache na nyuma yake kuna kichaka, huuoni. Hutandazwa wima kati ya nguzo mbili, na kila wavu una mikunjo inayoning'inia. Ndege akigonga huanguka kwenye mkunjo na kulala humo. Wavu hukaguliwa kila nusu saa, na mvua au upepo mkali ukija hufungwa, maana ndege mdogo akilowa hupoteza joto haraka. Binti alikuwa na vidole vyepesi. Alianza kwa kutazama ndege aliingia upande gani, akatoa miguu, kisha bawa moja, kisha la pili, kichwa mwisho. Kila ndege aliingia mfuko wake wa kitambaa, na mifuko ikatundikwa kwenye kulabu ikitikisika.

Ndani ya kibanda cha kazi kuna meza, koleo, rula, mizani na pete zilizopangwa kwa ukubwa. Mzee alimshika ndege wa kwanza, shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mwili umelala kiganjani. Alikuwa wa kijanikibichi na manjano iliyofifia, mdogo kuliko chiriku, mwenye mstari mweupe juu ya jicho. Waswidi humwita lövsångare. Uzito wake ni gramu tisa au kumi hivi. Pete ya alumini ikazungushwa mguuni na kubanwa kwa koleo hadi ncha zikakutana. Juu yake imechapwa namba na jina la makumbusho ya Stockholm, kwa herufi ambazo macho yangu yalizisoma kwa shida.

Kisha likaja jambo ambalo kwa mbali ungedhani ni uganga. Mzee alimgeuza ndege chali, akampuliza kifuani, manyoya yakafunguka. Ngozi ya ndege ni nyembamba kiasi cha kuona mafuta chini yake, ya manjano, yakikusanyika kwenye shimo la koo na tumboni. Mafuta hayo ndiyo akiba ya safari. Mwenye mengi ataondoka usiku wa leo hali ya hewa ikiruhusu. Asiye nayo atakaa vichakani siku kadhaa akila. Mzee alitaja alama ya mafuta, urefu wa bawa, umri na uzito, binti akaandika. Kisha dirisha dogo likafunguliwa na ndege akaondoka.

"Huyu anakuja kwetu?" niliuliza.

Mzee akatikisa kichwa. Ndege wa aina hii wa kusini mwa Sweden, alisema, hushika njia ya kusini magharibi, hupita Ufaransa na Hispania hadi Afrika Magharibi. Ndugu zao wa kaskazini, wa misitu ya karibu na Aktiki, hushika njia ya kusini mashariki, na hao ndio wanaofika Kenya, Tanzania na kuendelea kusini. Katikati ya Sweden kuna ukanda ambako koo hizi mbili hukutana. Ukiwaweka mezani pamoja, ni mtu mzoefu tu atakayeshuku tofauti.

Jibu hilo lilinigusa kuliko kama angesema ndiyo, kwa sababu sisi huku tumezoea kusema "ndege wa Ulaya" kana kwamba Ulaya ni kituo kimoja cha mabasi. Kumbe hata ndani ya nchi moja kila kundi lina njia yake, iliyorithiwa. Tena karibu wote waliopita mezani asubuhi ile walikuwa vifaranga wa mwaka huo, waliozaliwa Juni. Wazazi wengi walikwisha kutangulia, na hakuna anayewaongoza. Kwetu kijana hapelekwi jandoni bila kungwi. Hawa huingia usiku wa kwanza wa safari wakiwa na mwelekeo waliozaliwa nao, nyota za angani, na uwezo wa kuhisi usumaku wa dunia. Habari ya usumaku ilithibitishwa katika miaka ya 1960 na Mjerumani Wolfgang Wiltschko, aliyefanya majaribio yake Frankfurt kwa ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ambaye pia hunaswa kwa wingi Falsterbo.

Jua lilipopanda, aliletwa ndege aliyetangulia na kelele yake. Alikuwa mwenye mgongo wa hudhurungi uliojaa vimistari kama magamba, mdomo umepinda kwa ncha. Kabla hajakaa sawa mkononi alimng'ata mzee kidole. Waswidi humwita törnskata, kutokana na miiba, kwa kuwa huchoma panzi na mende kwenye miiba kama mtu anayepanga mishikaki. Huyu nilimfahamu. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapolainisha nyika ya Tsavo, madume yao wenye kichwa cha kijivu hukaa juu ya vichaka vya migunga kando ya barabara ya Voi, wakitazama chini.

Mzee alinieleza safari yake kwa kuchora kwa kidole kwenye meza. Wakati wa kwenda, hushuka kupitia Ulaya ya kusini mashariki, huvuka Mediterania na Sahara, hukaa kwa muda katika ukanda wa Sahel, kisha huendelea hadi kusini mwa Afrika. Wakati wa kurudi hapiti njia ileile. Hupanda kupitia Afrika Mashariki, Pembe ya Afrika na Uarabuni, na kuizunguka bahari kwa upande wa mashariki. Duara hilo lilijulikana kwa uhakika pale watafiti walipowafunga baadhi yao vifaa vidogo mgongoni vinavyorekodi mwanga wa jua, ambavyo kwa urefu wa mchana huonyesha ndege alikuwa wapi. Lakini kifaa cha namna hiyo hakitumi habari yoyote. Ni lazima ndege arudi na anaswe tena, kwa wavu, na mtu mwenye vidole kama vya binti yule.

Saa ya chai ilifika. Waswidi wana kahawa yao ya katikati ya asubuhi ambayo haivunjwi kwa sababu yoyote, wala ndege hawaivunji. Zilitoka chupa za chai, na mikate myororo iliyosokotwa, yenye mdalasini na iliki ndani. Iliki! Nilifunga macho nikasikia mahamri. Mzee alieleza kwamba Waswidi hutia iliki katika mikate yao kuliko majirani zao wengi, nami nikatoa chapati za dada. Zikaliwa kwa siagi na jibini, jambo ambalo sikumwambia dada. Binti aliniuliza kama kwetu kuna kituo cha pete.

Nikawaambia habari za Ngulia. Katika Tsavo Magharibi, juu ya ukingo wa mlima, kuna hoteli iliyofunguliwa mwaka 1969, yenye taa kali za kuwamulika wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Novemba na Desemba, ukungu ukifunika kilele na mwezi haupo, ndege wanaosafiri usiku hupoteza nyota, huona mwanga ule, hushuka. Graeme Backhurst na David Pearson walianza kuweka nyavu hapo mwaka huohuo wa 1969, na tangu hapo wahamaji laki kadhaa kutoka Ulaya na Asia wamevishwa pete. Wengi ni ndege wa vichakani wasio na umbo la kuvutia, wanaoelekea Afrika ya kusini mashariki. Mmoja wao ni yule mwimbaji wa usiku ambaye Waswidi humwita näktergal na kumngoja kila Mei kwa hamu. Kwetu hupita ndani ya vichaka, na watu wanaomfahamu ni wachache.

Nimewahi kukesha Ngulia. Ukungu ulipoingia, hewa ilijaa sauti nyembamba kutoka pande zote, na vijana wa Kenya waliofunzwa kazi hii walikuwa wakitembea na mifuko ya kitambaa kama hii ya Falsterbo, wakishika ndege kwa mshiko uleule. Nilipowaambia hivyo, binti alimtazama mzee, mzee akamtazama binti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wakazungumza kwa wakati mmoja.

Kilichonishangaza zaidi Falsterbo ni ukaidi wao. Tangu mwaka 1980 nyavu zimewekwa mahali palepale, kwa tarehe zilezile, kwa utaratibu uleule. Vichaka vya bustani hukatwa visirefuke, kwa sababu kichaka kikirefuka ndege watapita juu ya wavu na hesabu ya mwaka huu haitalingana na ya mwaka juzi. Hawajaribu kunasa ndege wengi kadiri iwezekanavyo. Siku ya ndege watatu huandikwa kwa mwandiko uleule wa siku ya ndege mia tatu. Sisi watu wa nyika, ambao kila mradi hutujia na gari jipya na bango, kisha bango hubaki peke yake, tungefaidika kuukodolea macho ukaidi wa aina hii.

Faida yake niliiona Nabben, ncha ya mwisho ya rasi, ambako mchana nilikuta watu wamesimama na darubini, shingo zimeelekea juu. Hapo ndege huhesabiwa kwa macho, na tangu mwaka 1973 hesabu hiyo ina utaratibu wa kudumu. Walipita vipanga, wakipiga mabawa mara chache na kuteleza, na ndege wakubwa wanaokula mabuu ya nyigu, ambao huelekea Afrika ya kitropiki. Mwanasayansi Gustaf Rudebeck alisimama hapo kuhesabu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Baadaye wakulima wakaanza kupaka mbegu dawa zenye zebaki, na DDT ikaenea. Ndege wadogo wakala mbegu na wadudu, vipanga wakala ndege wadogo, na vipanga wakapungua. Sweden ilipiga marufuku zebaki hiyo ya mbegu mwaka 1966, DDT ikafuata, na vipanga wakaongezeka tena. Kupungua na kuongezeka huko kusingejulikana kama kila mwaka asingekuwapo mtu mwenye daftari kwenye upepo huo.

Leo shaka imehamia kwingine. Katika Ulaya yote, ndege wengi wanaovuka Sahara wamepungua kuliko wale wanaobaki karibu. Mzee aliniuliza kwa upole: kule Sahel na kwetu kuna nini? Ukame? Miti inayokatwa kwa mkaa? Dawa za mashambani? Nilimjibu kwamba vyote vipo, na kwamba kwao nako mashamba niliyoyapita kwa basi hayakuwa na kichaka cha kutosha kuficha ndege mmoja. Akakubali. Hapo hatukuwa na ugomvi, kwa kuwa ndege anayelala miezi michache kwa mmoja na miezi michache kwa mwingine hana mlezi mmoja wa kulaumiwa. Ila daftari la upande wao lina kurasa nyingi mno kuliko letu, na hilo si la kumlaumu Mswidi.

Haihitaji mashine kubwa kurekebisha hali hiyo. Nairobi kuna kikundi cha wavisha pete kinachofundisha vijana, na Ngulia bado kuna kazi kila msimu ukungu unapokuja. Shule ya Voi, Mtito Andei au Taveta inaweza kuanza na mti mmoja, mwalimu mmoja na daftari, ikaandika kila mwaka tarehe ambayo mbayuwayu wa kwanza ametua kwenye nyaya za umeme na tarehe ambayo wa mwisho ameondoka. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na jambo la kusema ambalo hakuna mtu wa Stockholm anayeweza kulisema kwa niaba yetu.

Na lipo la kila mmoja. Kati ya ndege wadogo mia wanaovishwa pete, hata mmoja ni nadra kupatikana tena, kwa hiyo kila pete inayosomwa ina thamani. Ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usiitupe wala usiifanye kipuli. Iandike namba pamoja na maneno yote yaliyochapwa juu yake, mahali na tarehe, piga picha, kisha upeleke habari Makumbusho ya Taifa au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Kama yu hai, soma namba, mwachie aende.